JERIKANI YENYE TUNDU

Neno la kusoma nyumbani: Mwanzo 26:12-33, Yeremia 2:13, Yohana 4:1-30



Nawasalimu nyote wa makazi yetu ya Nakivale, wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo, ninyi mnaosoma kijarida hiki wenyewe na ninyi mnaosomewa na watoto wenu jioni baada ya chakula. Neema ya Mungu iwe nanyi, pamoja na wagonjwa wetu na wote waliosafiri.

Bwana wetu Yesu alipofundisha hakuenda mbali kutafuta mifano. Alichukua vitu vilivyokuwa mikononi mwa watu: taa, chumvi, wavu wa mvuvi, mbegu ya mkulima, chachu katika unga, mama anayefagia nyumba akitafuta sarafu iliyopotea. Watu walirudi nyumbani, na kila walipofagia au kukanda unga, mahubiri yakaendelea bila mhubiri. Mimi najiuliza: kama Bwana angepita kwenye vijiji vyetu leo, angeshika nini mkononi? Nadhani asingetafuta mzabibu, maana hapa haupo. Angeokota jerikani ya manjano, au bidoni kama wengi wetu tulivyozoea kuiita kule kwetu Kongo, angeketi juu yake karibu na bomba, na kuanza kusema.

Basi leo nataka jerikani ituhubirie. Lakini kwanza nina jambo la kuungama mbele yenu.

YALIYOTOKEA BOMBANI

Mnakumbuka kiangazi kilichopita mashine ya kusukuma maji ilipoharibika upande wetu. Siku za kwanza tulidhani ni jambo la saa chache. Siku ya tano tukawa tunaamka saa tisa usiku. Jerikani zilipangwa tangu jana yake, nyingine zimefungwa kitambaa chekundu, nyingine zimechorwa alama kwa msumari, na asiyekuwa na jerikani ya ziada aliweka jiwe kushika nafasi yake. Bomba lilifunguliwa muda mfupi tu asubuhi, maji yakitoka membamba kama uzi.

Wale wanaopanga kazi ya misaada wana kipimo chao: mtu mmoja apate angalau lita 15 kwa siku, na katika makazi ya kudumu afikie lita 20, yaani jerikani moja kwa kila kichwa. Nyumbani kwangu tuko saba. Hesabu ni rahisi, jerikani saba. Siku zile tulipata mbili. Ukigawa lita 40 kwa watu saba, kila mtu anabaki na pungufu ya lita sita za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Mwenye mtoto mchanga anajua maana yake.

Siku hiyo nilimtuma kijana wangu mapema na jerikani zetu mbili, nami nikafuata kulipokucha. Nilikuta jerikani zetu ziko nyuma sana. Msimamizi wa bomba siku hiyo alikuwa ndugu wa kanisa letu. Aliponiona akasema, "Pasta, una kazi nyingi, usichelewe," akazivuta jerikani zangu akaziweka mbele. Sikumwomba afanye hivyo. Lakini wapendwa, sikumkataza pia. Nilitazama upande mwingine kama mtu anayeangalia mawingu.

Jerikani iliyosukumwa nyuma ilikuwa ya mama mmoja jirani yetu, anayekaa ng'ambo ya barabara. Alikuwa na mtoto mgongoni. Yeye ni wa kabila ambalo kule kwetu tulipigana nalo. Sitalitaja hapa, kwa maana msomaji wa kabila lake angeumia na msomaji wa kabila langu angefurahi, na mambo hayo mawili si kazi ya kijarida hiki. Tulikuwa tumekaa jirani miaka minne. Salamu zetu zilikuwa za mbali, za kuinua mkono tu.

Jerikani yangu ya pili ilipojaa, bomba lilikohoa likanyamaza. Maji yamekwisha. Mama yule hakupiga kelele, wala hakunitukana. Alichukua jerikani yake, akaipindua kichwa chini kama tunavyofanya na chombo kitupu ili vumbi lisiingie, akaenda zake.

Jioni mke wangu aliweka maharage motoni. Kijana wangu akaja akakaa karibu nami, akauliza, "Baba, yule mama amepata maji?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia aende akasome. Lakini chakula hakikupita kooni. Nikamkumbuka Daudi katika 2 Samweli 23, alivyotamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Watu wake watatu walipenya katikati ya adui wakamletea. Yeye alipoyapokea alikataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake uhai wa watu. Daudi alikataa maji aliyoletewa kwa upendo. Mimi nilikuwa nakunywa maji niliyopata kwa upendeleo.

Nikainuka, nikachukua jerikani moja, nikavuka barabara. Mama akafungua mlango. Nikasema, "Mama, nimekosa asubuhi. Haya ni maji yenu." Akanitazama kwa muda. Akasema, "Karibu, Pasta. Weka pale." Nikaweka, nikaaga, nikarudi nyumbani. Usiku ule nililala vizuri, nikijisifu moyoni kwamba nimeshinda jaribu.

Sasa sikilizeni. Katika jerikani zetu mbili, moja ilikuwa nzima na nyingine ilikuwa na tundu dogo karibu na kitako. Tulikuwa tumeliziba kwa sabuni. Sabuni inashika saa chache, kisha inayeyuka. Mimi nilijua ni ipi yenye tundu. Na hiyo ndiyo niliyompelekea.

Siku ya nne baada ya hapo mashine ikatengenezwa, maji yakarudi. Jioni mama yule akaja kwetu na jerikani yangu kichwani. Akaishusha mlangoni. Ilikuwa imejaa. Akasema, "Pasta, bidoni yenu ilikuwa inavuja. Asubuhi nilikuta maji yamebaki nusu. Baba watoto ameiziba kwa moto, sasa haitavuja tena." Nikaigeuza nikaona. Alikuwa ameyeyusha kipande cha plastiki kwa kisu cha moto, akakibandika, akakilainisha vizuri. Miaka minne ya ujirani sikujua kwamba mumewe ni fundi.

Jerikani hiyo tunaitumia mpaka leo. Kila ninapoinyanyua, kidole changu kinagusa kiraka kile. Hayo ndiyo mahubiri yangu. Ninayoandika kutoka hapa ni maelezo tu.

FUNDISHO LA KWANZA: FOLENI INAPIMA IMANI

Katika Yohana sura ya 5 tunasoma habari za bwawa la Bethzatha kule Yerusalemu, karibu na mlango wa Kondoo. Palikuwa na mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38. Bwana alipomwuliza kama anataka kupona, yeye alieleza shida yake ya foleni: hana mtu wa kumsaidia kuingia majini, na kila akijaribu, mwingine anashuka mbele yake.

Wangapi kati yetu wanaweza kusema maneno ya mtu huyo? Huna mtu. Huna ndugu ofisini, humjui msimamizi, hujui lugha inayosemwa dirishani, na kila jina lako linapokaribia, mwingine anatangulia. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Wako watu waliozeeka hapa. Wanajua foleni ni nini kuliko mhubiri yeyote.

Lakini angalieni jambo hili. Sisi tunapenda kusoma habari ile tukijiweka mahali pa mgonjwa. Mimi siku ile sikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa yule mwingine, anayetangulia kuingia majini, ambaye Biblia haikumtaja hata jina. Mpendwa msomaji, unaposoma Neno, usichague kila mara nafasi ya anayeonewa. Mara nyingine Roho Mtakatifu anakuonyesha kwamba wewe ndiwe uliyemruka mwenzako.

Mwaka 2023, mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi kulingana na hali ya kila kaya, na kaya nyingine zikaachwa kabisa, tuliona jinsi jambo hili linavyoweza kugawa hata watu wa kanisa moja. Aliyebaki kwenye orodha aliogopa kumtazama aliyetolewa. Aliyetolewa alihesabu mifuko ya jirani. Wako pia waliopima kikombe cha unga wakampelekea aliyekosa, tena usiku, ili asione haya. Orodha ile haikuwa mikononi mwetu. Kikombe kilikuwa mikononi mwetu.

FUNDISHO LA PILI: CHOMBO KINATUNZA HARUFU YA ZAMANI

Kila mama hapa anajua kwamba jerikani iliyowahi kubeba mafuta ya taa haifai haraka kwa maji ya kunywa. Unaweza kuisuuza mara tatu, nje ikang'aa, ukaijaza maji safi ya bomba. Ukimpa mgeni, anakunywa funda moja na uso wake unabadilika. Maji ni masafi, shida ni chombo kilichoyabeba.

Sisi tulifika hapa tukiwa vyombo vyenye harufu. Tulikimbia usiku. Tuliona nyumba zikichomwa, tuliwazika wapendwa wetu bila sanduku, wengine hatukuwazika. Siwalaumu kwa harufu hiyo. Hakuna anayetoka motoni bila kunuka moshi. Lakini tumeokoka, tumebatizwa, tumejazwa maji ya uzima, na bado tunapowanywesha watoto wetu, wanasikia ladha ya mafuta ya taa. Mtoto aliyezaliwa hapa Nakivale hajawahi kuiona vita yetu. Hajui kijiji kile wala mto ule. Basi nani amemfundisha kwamba mtoto wa jirani ni nyoka? Hakuyapata hayo shuleni. Ameyanywa kwenye chombo chetu, jioni, tunapozungumza tukidhani amelala.

Je, jerikani inasafishwaje? Mnajua kuliko mimi. Unatia mchanga na vijiwe, unatia maji kidogo na sabuni, unafunga kifuniko, unatikisa mpaka mikono inachoka. Unamwaga, unarudia. Kisha unaiacha wazi juani. Kuifuta nje hakusaidii kitu. Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo jambo hilohilo katika Mathayo 23: wanasafisha upande wa nje wa kikombe, na ndani wameacha uchafu. Vijiwe vile vinavyopiga kelele ndani ya jerikani ni maswali magumu. "Je, nimesamehe, au nimenyamaza tu?" "Je, naweza kumwombea mtu wa kabila lile kwa jina lake, si kwa ujumla?" Kutikiswa kunauma, lakini bila kutikiswa, uchafu haubanduki.

Na tukumbuke pia klorini. Maji yetu yanatoka ziwani yakiwa na tope. Yanatiwa dawa ya kulifanya tope lizame, kisha klorini ya kuua vijidudu. Wengine wanalalamika kwamba maji ya bomba yananuka dawa, wanapendelea kwenda kuchota ziwani kwenyewe. Lakini harufu ile ndiyo inayowakinga watoto na kipindupindu. Maonyo nayo yana harufu. Mtoto wangu aliponiuliza swali lile moja la jioni, lilinuka dawa. Ningelikimbia, ningeugua.

FUNDISHO LA TATU: UTOAJI WENYE TUNDU

Nabii Yeremia alileta mashitaka ya Mungu juu ya watu wake. Walifanya makosa mawili: waliacha chemchemi ya maji yaliyo hai, kisha wakajichimbia mabirika yaliyopasuka, yasiyoweza kutunza maji. Zamani niliposoma maneno hayo niliwaza sanamu na waganga. Siku hizi nawaza jerikani niliyoivusha barabara.

Nilitoa, ndiyo. Ukiniuliza mbele ya watu, ningesema nimetoa nusu ya maji yangu, na hesabu ingekuwa kweli. Lakini Mungu haangalii tu umetoa lita ngapi, anaangalia pia umetoa katika chombo gani. Katika Malaki sura ya 1, watu walileta madhabahuni mnyama kipofu, kilema na mgonjwa, na Mungu akawaambia wampelekee liwali wao mnyama huyo waone kama atawapokea. Yaani, ungempa hivyo mtu unayemheshimu?

Hapo ndipo Roho alipofungua jipu langu. Kama jirani yule angekuwa wa kabila langu, ningempelekea jerikani nzima. Nisingefikiri mara mbili. Toba yangu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na tundu, na tundu lile lilikuwa na umbo la chuki ya zamani. Nilikuwa nimeliziba kwa sabuni ya maneno mazuri. Sabuni inashika mpaka usiku wa manane. Asubuhi jirani anakuta nusu.

Ndugu zangu, tuchunguze vyombo vyetu. Tunasema "tumewasamehe", lakini katika kwaya hatuwapi sauti ya kuongoza. Tunasema "karibuni kanisani", lakini tukifika kwenye matangazo tunasema kwa lugha ya kwetu, bila kutafsiri. Tunakwenda kwenye matanga yao, tunasalimia, na kabla chakula hakijaiva tumekwisha ondoka. Tunamruhusu binti yetu kusoma na binti yao, lakini kulala kwao hapana. Hayo yote ni maji yaliyotolewa katika jerikani yenye tundu. Anayepokea anajua. Anajua sana. Asubuhi anapima.

FUNDISHO LA NNE: KISIMA CHA ISAKA

Sasa tusome habari ya Isaka, maana yeye alikuwa mtu kama sisi. Njaa ilimtoa kwao, akaenda kukaa Gerari, nchi ya Wafilisti. Huko akalima, Mungu akambariki, na wenyeji wakamwonea wivu. Visima vilivyochimbwa siku za baba yake walivijaza udongo. Kisha mfalme Abimeleki akamwambia aondoke kwao, kwa sababu amekuwa na nguvu kuliko wao. Isaka hakuondoka kwa kupenda. Alifukuzwa.

Watumishi wake wakachimba bondeni, wakapata maji. Wachungaji wa Gerari wakaja wakagombana nao, wakidai maji ni yao. Isaka akakiita kisima kile Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba kingine, wakagombania hicho pia. Akakiita Sitna, maana yake uadui. Akasogea mbele tena, akachimba cha tatu. Hicho hakuna aliyekigombania, naye akakiita Rehobothi, kwa sababu Bwana alikuwa amewapa nafasi.

Wahubiri wengi hufika Rehobothi na kufunga Biblia, watu wakasema haleluya. Hata mimi nimehubiri hivyo. "Rehobothi yako inakuja! Nafasi yako ya kwenda ng'ambo inakuja!" Lakini habari haijaisha. Endeleeni mpaka mstari wa 33. Abimeleki yule aliyemfukuza alimfuata Isaka pamoja na mkuu wa jeshi lake, akitaka mapatano. Isaka akauliza swali la haki: kwa nini mmenijia, na ninyi mlinichukia mkanitoa kwenu? Hakujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Alisema maumivu yake wazi. Kisha akawafanyia karamu. Wakala, wakanywa, wakalala. Asubuhi wakaapiana, wakaagana kwa amani.

Na siku ileile, anasema mwandishi, watumishi wa Isaka walikuja na habari: tumeona maji!

Angalieni mpangilio huo. Eseki palikuwa na maji, lakini pamoja na ugomvi. Sitna palikuwa na maji, lakini pamoja na uadui. Rehobothi palikuwa na maji kwa sababu adui alikuwa mbali. Lakini Beer-sheba maji yalipatikana siku ya kupatana na adui, baada ya kula naye meza moja. Sisi wengi tunamwomba Mungu Rehobothi, mahali pasipo na watu wale. Huenda Mungu anatupeleka Beer-sheba, mahali tutakapokula nao. Hapa Nakivale wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, pamoja na wenyeji wetu wa Uganda waliotupa ardhi ya kukaa. Bomba ni moja. Tunaweza kuliita Sitna, au tunaweza kuliita Beer-sheba. Jina tutalichagua sisi kwa matendo yetu.

TUFANYE NINI?

Jumamosi iliyofuata nilikwenda bombani watu wakiwa wengi. Nikaomba ruhusa kwa kamati ya maji, nikasema mbele ya wote kwamba nilichukua nafasi isiyo yangu, na kwamba kuanzia siku hiyo jerikani ya Pasta isivutwe mbele, hata nikiwa naelekea kuzika. Mama yule alikuwepo. Hakusema kitu, alitikisa kichwa tu. Lakini baadhi ya ndugu wa kwetu walikasirika. Mmoja aliniambia, "Pasta, umetuaibisha mbele yao." Familia moja haikuja tena kwenye maombi ya nyumbani kwangu kwa wiki kadhaa. Nawaeleza haya ili asiwepo wa kudhani kwamba kiraka kinabandikwa bila moto. Plastiki haishiki mpaka iyeyuke.

Nawaomba mambo matatu wiki hii.

1. Mwenye nafasi ya kusimamia kitu chochote, iwe bomba, orodha, ufunguo wa kanisa au simu ya kikundi, asimpendelee mchungaji wala ndugu yake. Na mchungaji akipendelewa, akatae kwa sauti ya kusikika.

2. Kila nyumba ichague jirani mmoja wa watu tusiozoeana nao, imtembelee, ijue majina ya watoto wake na kazi ya mikono yake. Msiende kuhubiri. Nendeni mkakae.

3. Wazazi, tuchunge maneno ya jioni. Mtoto anayefumba macho hajalala.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni lini wewe ulikuwa yule aliyetangulia mwenzake majini?
2. Kuna harufu gani ya zamani katika chombo chako ambayo watoto wako wameanza kuisikia?
3. Kwa nini Isaka aliuliza swali kwanza, kisha akaandaa karamu? Ingekuwaje kama angefanya moja tu kati ya hayo mawili?

MWISHO

Turudi kwenye kisima cha Yakobo, Yohana sura ya 4. Bwana wetu alikuwa amechoka na safari, ana kiu, hana chombo cha kutekea. Akamwomba maji mwanamke Msamaria. Mwanamke akashangaa sana, kwa sababu Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria, hata kutumia chombo kimoja ilikuwa vigumu. Lakini Yesu alikuwa tayari kunywa katika mtungi wake. Mwokozi wa ulimwengu alianza na kuomba, akakubali kuwa mhitaji mbele ya mtu ambaye watu wake walimdharau. Mazungumzo yakaingia ndani, mpaka mwanamke akaacha mtungi wake pale kisimani, akakimbia mjini kuwaita watu.

Mimi nilidhani ni kazi yangu kuwapa maji wale wengine. Bwana akanifundisha kwamba nilihitaji kupokea kutoka kwao. Jerikani yangu ilizibwa na mkono wa mtu ambaye moyoni nilikuwa bado namwita adui. Siku hizi tunasalimiana kwa kushikana mikono. Hatujawa marafiki wakubwa, nisiwadanganye. Yako mambo ya kule nyumbani ambayo hatujathubutu kuyagusa. Lakini mtoto wake na kijana wangu wanakwenda bombani pamoja, na wanaporudi sijui tena ni jerikani ipi ya nani.

Tuombe: Ee Bwana, wewe ni chemchemi ya maji yaliyo hai. Tumekuja kwako tukiwa vyombo vilivyotoboka na vyenye harufu. Tutikise, utuoshe ndani. Tuonyeshe tundu tulilolificha kwa sabuni. Tupe moto wa kuliziba, na unyenyekevu wa kuzibwa na mkono wa jirani. Wabariki wenyeji waliotupokea. Wakumbuke wote wanaosubiri, na usimwache mtu wa mwisho katika foleni. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Mbaki na amani ya Bwana. Tukutane ibadani Jumapili, na kabla ya hapo, tukutane bombani.

Ni mimi ndugu yenu na mtumishi pamoja nanyi katika Kristo.